Tangi la Profesa

Waliosema kwamba debe shinda haliachi kutika hawakuwa na ugomvi na debe. Walikuwa wamechoshwa na mtu. Debe lililojaa pomoni hutulia kichwani mwa anayelibeba. Lililojaa nusu, ndilo debe shinda, huchezacheza na kupiga kelele njia nzima. Mwenye ujuzi nusu naye ndivyo alivyo.

Palikuwa na mchoraji wa ramani za majengo ambaye ofisini walimbandika jina la Profesa, kwa kuwa hapakutajwa jambo mbele yake akakosa la kuongeza. Mwaka huo alijiundia kompyuta kubwa inayopozwa kwa maji. Ndani ya sanduku lake mlikuwa na tangi dogo la kioo, pampu ya ukubwa wa ngumi, na mipira miwili iliyozungusha maji hadi kwenye rejeta yenye feni. Kila mgeni alisimuliwa safari ya maji hayo mpaka chai ikampolea mkononi.

Mkewe alijaliwa sauti ya kumtoa nyoka pangoni. Kampuni moja ya vitabu vya kusikiliza ilikuwa ikitafuta msomaji, ikamtaka atume sura moja kabla ya saa sita mchana, siku ya Jumamosi. Sauti zilizorekodiwa kwa simu hazikupokelewa. Ilibidi atumie maikrofoni iliyounganishwa na kompyuta ile. Siku ilipofika, saa tatu asubuhi, alifunga madirisha, akatundika mablanketi ukutani, akaanza kusoma. Alipojisikiliza, alimwita mumewe. Nyuma ya kila sentensi palikuwa na mkoromo, kama mtu anayesukutua maji kooni.

“Hiyo ni feni,” mumewe alisema bila hata kuinama. “Kazi ya dakika tano.”

Dakika tano zilizaa saa nzima. Alibadilisha feni, mkoromo ukabaki. Akakaza skrubu zote, ukabaki. Akailaumu meza, akatia sponji chini ya sanduku, akatoa mhadhara mrefu kuhusu mitetemo. Mkoromo ukazidi, na joto la mashine likaanza kupanda.

“Basi pampu imekufa,” akatangaza saa nne na nusu. “Mpya itafika wiki ijayo.”

Mkewe alikunja kurasa zake. Kwa miaka sita alikuwa akisoma matangazo ya sabuni na magodoro, akiingojea nafasi kama hii.

Mlangoni alisimama mama yake mzazi, aliyekuwa amekuja kuwatembelea. Mama huyo alikuwa fundi bomba kwa miaka thelathini, na mlio ule ulikuwa umemfuata hadi jikoni.

“Baba,” alimwambia mkwewe kwa upole, “mimi kompyuta siijui. Lakini mlio huo kama naujua. Naomba niusikilize.”

Profesa alitabasamu. “Mama, hii si kama bomba la jikoni. Maji ya humu yanazunguka tu, hayatoki.”

“Ndiyo maana nataka kusikiliza.”

Alipiga magoti, akagusisha ncha ya bisibisi kwenye pampu na kuuweka mpini sikioni.

“Maji uliyajaza mpaka wapi?”

Profesa alikohoa. “Nusu. Nilisoma kwamba maji yanahitaji nafasi ya kupumua.”

“Ulisoma wapi?”

“Kichwa cha habari, mama. Chini sikufika.”

Mkewe aligeuka upande, mabega yakitikisika kwa kicheko.

“Pampu yako haijafa,” mama alisema. “Maji yamepungua, sasa inavuta hewa. Inakunywa povu. Izime, uniletee maji yake.”

Chupa ya maji maalumu ilikuwa kabatini, haijatumika hata nusu. Profesa alifungua kifuniko cha tangi, akajaza hadi shingoni. Walipowasha, mapovu yalitoka mfululizo kama shanga zilizokatikiwa na uzi, na maji yakashuka.

“Zima. Ongeza. Washa,” mama aliamuru. “Sasa liinamishe kushoto, polepole. Na kulia.”

Waliliinamisha sanduku huku na huku, mke akipanguza matone kwa taulo, jicho moja likiwa saani. Saa tano na dakika tano. Povu kubwa likapanda, likapasuka. Saa tano na robo. Jingine likafuata, kisha vipovu vidogo, kisha pakawa kimya.

Profesa aliingiwa na hofu, akadhani sasa pampu imekufa kweli. Akashika mpira, akahisi maji yakipita kwa nguvu chini ya vidole vyake. Kwenye skrini, joto lilikuwa likishuka tarakimu baada ya tarakimu.

“Tokeni,” mkewe akawaambia, tayari akivaa vipokea sauti.

Mtu na mama mkwe wake walisimama ukumbini kama waliobandikwa ukutani, wakiogopa hata kumeza mate. Sauti ya msomaji ilipenya mlangoni, safi, haina doa. Saa sita kasoro dakika nne mlango ulifunguliwa.

“Imefika,” alisema, machozi yakimlengalenga. “Wamejibu kwamba imefika.”

Siku ya Jumatano walimpigia simu: kazi ni yake, aanze na kitabu kizima. Jirani aliyekuja kumpongeza aliuliza kelele ile ilitibiwaje. Profesa alivuta pumzi ya mhadhara, kisha akaiachia taratibu.

“Muulize mama,” alisema. “Mimi na tangi langu tulikuwa nusu sote wawili, na debe shinda haliachi kutika.”