Nyumba Iliyouzwa Mpangaji Akiwa Ndani

Tajiri Harith, mpenzi mkubwa wa majumba ya kale, alinunua nyumba Mji Mkongwe ili avunje kuta atie lifti. Baada ya sala ya Ijumaa akamwendea mpangaji, Bi Kazija, aliyekaa barazani amejitanda shuka nyeupe.

"Bibi, unahama lini?"

"Mwanangu, kwani wewe utamfukuza mjane kabla hajamaliza eda?"

Waumini walikuwa wakipita. Harith akapaza sauti wasikie wote: "Audhubillahi! Naapa kwa Mungu, hutoki hapa mpaka umalize eda ya mumeo!"

"Amina, mcha Mungu wewe. Jamani, mmemsikia?"

"Tumemsikia!"

Harith akainama, akanong'ona: "Kwani mzee kafariki lini?"

"Mume wangu? Hajafa. Yuko ndani anamalizia biriani. Muombee umri mrefu."