Kanga Juu ya Ufa

Wapendwa, kaeni. Leo sitawachelewesha, ingawa najua mmeshanizoea na hamniamini nikisema hivyo.

Kulikuwa na mama mmoja, mjane, aliyekuwa akiishi na wanawe wanne pamoja na mama mkwe wake. Jina lake sitawapa, maana mkisikia jina mtaanza kuulizana ni wa ukoo gani na anasali wapi, na mfano utanipotea. Mama huyu alikuwa na kibanda cha udongo katika mtaa wa zamani, kando ya reli. Siku moja wakaja watu wa serikali na rangi nyekundu, wakachora alama ya X kwenye kila ukuta. Wakasema mtaa utabomolewa na kujengwa upya, fedha za mradi zimeshatoka, na kila kaya itapata nyumba ya tofali na bati. Tena patajengwa ofisi ya kata hapo hapo, ili mwananchi asitembee mbali kutafuta huduma. Nani angekataa? Watu walipiga vigelegele. Bibi, yule mama mkwe, miguu ilikuwa imeshamkataa, lakini alibebwa kwenye kiti ili naye aende kusikia kwa masikio yake.

Ofisi ya kata ilijengwa kwanza. Ikawa nzuri, nisiseme uongo. Sakafu ya vigae, kiyoyozi, na kiti cha mtendaji kinazunguka. Kisha zikajengwa nyumba za wananchi, na zilipofikiwa hizo, saruji ilikuwa imepungua. Imepungukia wapi, kila mtu alikuwa na jibu lake na hakuna aliyelisema kwa sauti. Mchanga ndio ulikuwa mwingi. Ukiukwaruza ukuta kwa kijiko, ulikuwa unatoka unga.

Mvua za vuli zilipopita, ukatokea ufa sebuleni. Humo sebuleni ndimo alimolala bibi, kitanda kikiwa kimegusa ukuta, kwa sababu chumba kilichobaki kilikuwa cha mama na watoto na hakikuwa na nafasi hata ya stuli. Ufa ulianzia juu, ukashuka. Kufikia Krismasi mkono wa mtoto ulikuwa unapita.

Mama akaenda ofisini. Mtendaji akamwambia aandike barua. Akaandika. Akaambiwa barua iko mezani kwa mkubwa. Akarudi, mkubwa yuko semina. Akarudi tena, mkubwa amehamishwa, asubiri mpya aripoti. Alikwenda mara nyingi hata mlinzi wa getini akawa anamwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, kama ndugu. Kila alipokwenda aliketishwa mahali penye baridi nzuri, akarudi kulala karibu na ufa wake.

Hatimaye zikaja habari njema. Mkaguzi anatoka makao makuu. Na mtu huyu hakuwa wa kupita tu: akiandika kwamba nyumba ni mbovu, mkandarasi analazimika kurudi kuijenga, na waliohusika wanajieleza. Mama akashukuru Mungu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, si ndivyo tunavyosema?

Sasa sikilizeni tulivyo. Mtendaji aliitisha kikao cha mtaa. Hakumtisha mtu yeyote. Alisema kwa upole kabisa kwamba mgeni anakuja, kwa hiyo tusijitie aibu. Nyumba zipigwe chokaa, kina mama washone sare ya kitenge, na mgeni atapata chakula cha mchana kwa yule mjane, maana pilau yake inajulikana. Mama akaona amepewa heshima. Akaazima sahani kwa jirani. Asubuhi ya siku ile akafagia, akatandika, halafu akatoa kanga yake mpya ambayo hajawahi kuivaa, akaitundika juu ya ufa.

Bibi alikuwa kitandani anamtazama. Akamuuliza, “Mwanangu, mbona unaufunika? Si ndio anaoujia?”

“Mama, mgeni hapokewi kwa ufa,” mama akajibu. “Ale kwanza. Nitamwambia nikimsindikiza.”

Naona mnacheka. Mnacheka kwa kuwa mnajua. Kwetu mtu akikuuliza habari, unasema nzuri, hata kama ndani kuna mgonjwa anakata roho. Kisha maji ya kunywa, kisha chakula, kisha watoto hawajambo, na mvua huko kwenu je? Neno lenyewe husemwa mlangoni, mgeni akiwa ameshavaa kiatu kimoja, au njiani mnaposindikizana. Huu si unafiki. Ni adabu, na mimi nililelewa hivyo, nikachapwa kwa ajili yake.

Mkaguzi akafika. Alikuwa mtu mpole, amebeba daftari. Akamwamkia bibi shikamoo, akaketi akielekea kile kitanda, akala, akasifu. Alipokwisha kunawa, akafungua daftari, akamuuliza mama nyumba inaendeleaje.

“Nzuri, baba,” mama akasema. “Tunashukuru.”

Mkaguzi akaandika. Mama akangoja wakati wake. Mgeni aliponyanyuka, mama akajifunga kanga ya pili ili amsindikize, lakini mtendaji alikuwa ameshamshika mkaguzi mkono, anamwambia muda umekwenda na mkutano unamngoja. Walitembea haraka. Mama alipofika barabarani mlango wa gari ulikuwa umefungwa, na vioo vyake ni vile vyeusi. Mnajua alifanya nini? Alipunga mkono. Maneno yote aliyokuwa ameyaandaa kwa miezi mitatu yakabaki kinywani, naye anapunga mkono kwa tabasamu, kwa sababu mgeni huagwa.

Masika yalikuja kwa nguvu mwaka ule. Asubuhi moja watoto wakiwa shuleni na mama yuko sokoni na vitumbua vyake, ukuta uliloa, ukaanguka kwa ndani. Bibi hakuwa na miguu ya kukimbilia. Majirani walimfukua kwa mikono, wakamkuta ameshatutoka.

Mkaguzi alikuja msibani. Nimpe haki yake, wengine hawakuja. Aliketi kwenye mkeka pamoja na wanaume, kichwa chini. Mama akatoka ndani, akamwendea mbele ya watu, akamuuliza aliwezaje, mtu mwenye macho yake mawili, kuandika kwamba nyumba ile ni nzuri. Watu walidhani atajitetea.

Akasema, “Mama, ile kanga niliiona. Ilikuwa inapepea, na upande ule hakuna dirisha. Nikajua nyuma yake pana ufa. Lakini nilikuwa nimeshakula chakula chako, na wewe ulikuwa umeshasema nzuri. Nikaona nikiinyanyua nitakuvunjia heshima.”

Mama akarudi ndani. Wewe ungemjibu nini?

Wapendwa, msinielewe vibaya. Aliyechanganya ule mchanga ana kesi ya kujibu. Aliyekalia barua ya mjane huku kiyoyozi kinampuliza ana kesi ya kujibu. Nyumba ile ilijengwa kwa fedha za watu, na ofisi ile ni ya watu, hata kiti kinachozunguka ni cha watu. Kama uko humu ndani na una kiti cha namna hiyo, sikuombi usimame. Nakuomba kesho, kabla hujanywa chai, ufungue droo usome barua zilizomo. Mungu atakuuliza, na ni haki yetu tukuulize sisi kwanza.

Lakini sisi tunaoishi katika nyumba zenye nyufa, tumekuwa watu wa namna gani? Funika kombe mwanaharamu apite, tumeifanya kuwa dini ya pili. Mkubwa akija zahanati, mashuka yanaazimwa majumbani. Akija shule, madawati yanahamishwa kutoka shule ya jirani. Akiuliza, tunasema nzuri. Akiondoka, tunalia kwamba serikali haituoni. Na msinitajie ile methali ya mficha maradhi. Mnaijua tangu utotoni, na haijawahi kumzuia mtu yeyote kuyaficha.

Nami najuta kuliko ninyi. Mwaka juzi, zilipokabidhiwa nyumba za mradi hapa mtaani kwetu, niliitwa kuomba. Pale nilipopewa kiti niliinua macho nikaona dari imevimba kwa maji, na nyumba haijakaliwa hata na mtu mmoja. Niliiona vizuri. Kisha nikafumba macho nikamshukuru Mungu kwa makazi bora, nanyi mkaitika amina, tukaenda kula.

Jumatano wanakuja kukagua awamu ya pili, na wameniomba nifungue mkutano kwa sala. Nimekubali. Ila nikimaliza sitaketi. Nitabaki nimesimama mpaka mmoja wenu aseme nyumba yake inavuja wapi. Na kama mtanyamaza, nitasema mimi, mmoja baada ya mwingine, mkiwa mmekaa hapo na vitenge vyenu. Maana hakuna hata mmoja wenu ambaye sijaingia kwake mvua ikinyesha, nikaona sufuria zimekinga sakafuni, nikaulizwa habari za siku nyingi, nikasema nzuri.