Jicho la Pili si Tusi

Jicho la pili si tusi.

Tasilo, uliyasikia maneno haya juzi kaburini kwa babu yako, ukanuna. Vijana mlikuwa mmekwisha kufunga kamba za kuteremshia jeneza, mara baba yako Osmund akaja kulishika fundo moja baada ya jingine. Ukamwuliza, "Kwani sisi hatujui kufunga?" Naye akakujibu hayo tu, akaendelea. Sasa wewe na Kandida mnataka kujua yametoka wapi. Yalitoka kinywani mwa huyo huyo tuliyekuwa tunamzika, na mwanzo wake ni huu.

Babu yenu Otmari, baba yangu, alikuwa fundi wa ndege ndogo iliyopeleka dawa na kuchukua wagonjwa huku kwetu milimani. Ilikuwa moja tu, na kiwanja chake kilikuwa cha majani. Ng'ombe walifukuzwa kwanza ndipo ndege itue. Osmund alikuwa rubani wake. Kabla hajanioa, kila alipotaka kuruka aliizunguka ndege hiyo polepole, anagusa hiki, anavuta kile, anachungulia chini ya mabawa. Wenye mizigo walimcheka. Walisema anatafuta sarafu aliyoidondosha.

Tulipooana, mambo yakabadilika. Mnajua heshima ya ukwe ilivyo kwetu. Mtu hamsahihishi baba wa mke wake. Hata akimkuta amevaa shati nje ndani, atatazama pembeni. Asubuhi moja Osmund alijaribu bolti ambayo baba alikuwa ameikaza muda mfupi uliopita. Baba, aliyejivunia kazi yake kuliko shamba lake la kahawa, akasema, "Unanipima, mkwe?"

Osmund aliona haya mpaka masikioni. Tangu siku hiyo, baba akiwa karibu, aliizunguka ndege kama mtu anayepita msibani kwa jirani asiyemfahamu: haraka, macho chini.

Basi nikapata mimba ya kwanza, yako wewe Kandida. Ulikaa vibaya tumboni, na daktari akaagiza nikajifungulie hospitali kubwa. Wiki hiyo baba alikuwa amebadilisha nyaya za chuma zinazotoka kwenye usukani wa ndege kwenda kwenye mabawa. Mwisho wa kila bawa, kwa nyuma, kuna kipande kinachopanda na kushuka. Rubani akizungusha usukani kushoto, kipande cha kushoto hupanda na cha kulia hushuka, ndege ikainamia kushoto. Hicho ndicho kinachoigeuza ikiwa hewani.

Nilikaa mbele, pembeni ya Osmund. Baba alisimama upande wetu, mbali kidogo na bawa, kitambaa chake cha grisi begani. Injini ilikuwa inanguruma. Osmund akazungusha usukani kushoto, kisha kulia, huku akitazama magoti yake. Ulizunguka kwa ulaini, kama mpini wa jembe jipya.

Nikamwuliza, "Mbona hutazami bawa? Zamani ulikuwa unatazama."

"Baba amesimama pale."

"Naam, amesimama pale. Na mimi nimekaa hapa, na mtoto wako."

Akazungusha usukani kushoto tena, safari hii akageuza shingo. Nami nikatazama. Kipande cha kushoto kilishuka.

Alirudia. Kikashuka.

Akazima injini. Nilimwona akipangusa viganja kwenye suruali, na nilijua haogopi ndege. Ndege ilikuwa bado iko chini. Aliogopa zile hatua chache za kumfikia baba. Alishuka, akavua kofia.

"Shikamoo, baba."

"Umekwisha kuniamkia leo. Kuna nini?"

"Naomba ukae wewe kwenye usukani, baba. Mimi nisimame hapa chini."

Baba alimtazama kidogo, akapanda. Akazungusha usukani kushoto, akatazama nje. Akazungusha tena. Nilikuwa karibu naye hata nikasikia pumzi yake ikikatika.

"Eufrasia," akaniambia taratibu, "shuka, mwanangu."

Tuliposhuka aliketi juu ya debe tupu la mafuta. "Nyaya nimezipitisha kinyume," akasema. "Na nilikagua! Nilikagua, nikarudia. Lakini jicho lililokosea ndilo hilo hilo nililokagulia." Kisha akamgeukia Osmund. "Na wewe, siku zote hizi ulikuwa hutazami?"

"Niliogopa kukutukana, baba."

"Ungemwua binti yangu kwa adabu?"

Baba akajipangusa uso kwa kitambaa kile, akabaki na grisi puani, na hakuna aliyethubutu kumwambia. "Ni mimi niliyekuuliza kama unanipima," akasema. "Leo nakuomba mwenyewe. Nipime. Jicho la pili si tusi, mkwe wangu. Si tusi."

Alizifungua nyaya, akazipitisha upya. Kisha akamwita Osmund atazame, akaniita hata mimi na tumbo langu. Usukani kushoto, kipande cha kushoto kikapanda. Ndipo tukaruka, na wewe Kandida ukazaliwa salama, unalia kama king'ora.

Tangu hapo, kabla ya kila safari, baba alisimama kiwanjani akipaza sauti, "Mkwe, njoo unipime!" Na Osmund akimaliza upesi, baba alikasirika: "Mbona haraka hivyo? Umenidharau?" Wabeba mizigo wakayachukua maneno yake. Yakafika kwenye mizani ya kahawa, yakafika kwa wauguzi wanaogawa dawa, yakaingia jikoni, ambako sasa kila mtu anaonja chumvi ya mwenzake na hakuna anayegomba.

Kwa hiyo juzi, Tasilo, nilipomwona Osmund akilizunguka jeneza polepole, anagusa hiki, anavuta kile, nilitabasamu chini ya khanga yangu. Fundo lililolegea hakuliona hata moja. Mlifunga vizuri, wanangu. Lakini ilikuwa safari ya baba, na asingekubali kuondoka bila mkwe wake kumpima.

Jicho la pili si tusi.