Kengele ya Kwenye Kona

Wapendwa, mtu huyu simpi jina. Nikimpa jina mtatoka hapa mkimtafuta yeye, na sicho kilichonisimamisha hapa. Mjueni hivi tu: ni mzee wa kanisa, mtu wa ofisi, anakaa kule juu Njombe, na ana gari. Mwezi ni wa saba. Mliotoka huko mnaijua asubuhi ya mwezi wa saba: maji ya kwenye ndoo yana utando wa barafu, ukungu umelala barabarani, ukinyoosha mkono vidole vyako unavikisia tu.

Basi mtu huyu, mwenye gari lenye hita, akaliacha uani, akalifunika turubai, akaanza kwenda kazini kwa baiskeli. Kilomita kumi na mbili kwenda, kumi na mbili kurudi, katika baridi ile.

Watu wakasema gari limekufa. Wengine wakasema daktari kamtisha habari za moyo. Mkewe alipoulizwa sokoni alijibu kwamba hata yeye haelewi, anachojua ni kwamba mume wake anarudi midomo imepasuka na usiku anashtuka. Mchungaji yeye alielewa haraka sana. Jumapili alimsimamisha mbele, akawaambia watu watazame unyenyekevu ulivyo, mtu ana gari na amechagua kanyagio. Kanisa zima likapiga makofi. Yeye akawa anaangalia viatu vyake.

Msimcheke mchungaji. Na nyinyi mngepiga makofi. Mimi ningeanza.

Sasa niwaambie kilichokuwa chini ya turubai. Chini ya turubai kulikuwa na bampa lililobonyea upande wa kushoto.

Barabara ile ina desturi yake. Wapanda baiskeli wa kule, hasa wanaopeleka maziwa asubuhi kwenye kituo cha maziwa, msimu wa ukungu hawategemei macho. Ukikaribia kona unapiga kengele mara mbili. Aliye upande wa pili akisikia, naye anapiga mara mbili. Kila mmoja anashika upande wake, mnapishana bila kuonana nyuso. Usipojibiwa, unaendelea kupiga mpaka kona iishe. Na sheria yao ni kali: asiyepiga kengele akagongwa, kosa ni lake. Hakuna wa kumwonea huruma.

Wiki ya kwanza ya mwezi ule, mzee wetu alikuwa ndani ya gari lake, vioo juu, hita inapuliza, nyimbo za sifa zinaimba. Alikuwa amechelewa. Alipoifikia kona yenye mikaratusi alisikia kengele. Sikilizeni hapo vizuri. Aliisikia. Mara mbili, kisha mara mbili tena, nyembamba, kama inatoka ndani ya pamba. Mguu wake ulikuwa juu ya mafuta na breki ilikuwa pale pale, kitu cha sentimita chache. Akasema moyoni, atapisha.

Kukawa na kishindo. Kisha kitu cheupe kikaruka kwenye kioo cha mbele, na yale yalikuwa maziwa.

Hakusimama. Alifika ofisini, akafuta kioo kwa leso, akaingia kwenye kikao.

Tangu siku hiyo hakujua kama alikuwa ameua. Mnaielewa hofu hiyo? Angeuliza tu, angejua. Lakini kuuliza ni kujitaja. Ofisini watu wakianza habari ya mtu aliyegongwa kwenye kona, yeye anakumbuka ana simu ya kupiga nje. Akirudi wameshafika mwisho wa habari. Kwa hiyo aliijua nusu ya kwanza kwa kichwa, na nusu ya pili hakuijua kabisa. Gari hakuweza kulishika. Akigusa usukani mikono inatoka jasho kwenye baridi ya namna ile. Ndipo akachukua baiskeli. Na ndani yake alifanya mapatano ambayo hakuna mtu aliyemwomba: nitaumia mimi pia, kila asubuhi, na Mungu ataona.

Siku ya kwanza kwa baiskeli, alipofika kwenye kona ile meno yalikuwa yanagongana. Ukungu ulikuwa mzito, mikaratusi haionekani, yanasikika majani tu yakidondosha maji. Akapiga kengele mara mbili kama desturi inavyotaka. Na kutoka palepale, upande uleule, kengele ikamjibu mara mbili.

Akasubiri baiskeli ipite. Haikupita. Hakuna mlio wa mnyororo wala pumzi ya mtu. Akapiga tena. Ikajibu tena, mahali palepale, nyembamba vilevile. Na masikio yake yaliifahamu.

Akakanyaga mpaka kifua kikauma. Kesho yake ikajibu. Keshokutwa ikajibu. Alijaribu kupita bila kupiga yake, ikapigwa bila kujibiwa, mara mbili, mara mbili, ikimfuata mgongoni hadi mteremko unapoisha. Akaamini kwamba aliua, na kwamba aliyekufa hajaondoka. Alisali ndiyo, alisali sana. Ila hakuwahi kushuka kwenye baiskeli akauliza nani yupo.

Siku ya kumi na tisa barabara ilikuwa imeganda. Palepale kwenye kona tairi la mbele likateleza, akaanguka chini ya mikaratusi, goti likachanika. Akalala pale akisikiliza. Kengele ikalia. Kisha ikaanza kusogea. Na pamoja nayo kitu kingine: tok, tok, kama mti unagonga lami. Jamani, mtu yule alifumba macho. Alisema baadaye moyoni kwamba hata kifo chenyewe hakitakuwa na dakika ndefu kama ile.

"Pole, mzee wangu," sauti ikasema. "Umeumia wapi?"

Akafumbua macho. Akaona magongo mawili, mguu mmoja uliofungwa plasta hadi juu ya goti, na mwanamume wa makamo mwenye kofia ya sufu, ameshika mkononi kengele ya baiskeli. Kengele peke yake. Baiskeli ilikuwa imebaki chuma chakavu.

Yule bwana akamwongoza kwake, nyumba iko hatua kumi kutoka barabarani, akamketisha jikoni karibu na moto. Mke wake akamimina maziwa ya moto kwenye kikombe. Mzee wetu akakishika kwa mikono miwili.

"Wewe ndiye wa saa kumi na mbili na nusu," mwenye nyumba akasema. "Nakujua kwa kengele yako. Ina mkwaruzo, ipake mafuta. Siku nyingine hupigi kabisa. Usifanye hivyo, watu watakusema."

Kisha akasimulia. Kwamba aligongwa na gari hapo nje, halikusimama. Kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiwabebea majirani saba maziwa yao, na sasa wamempa mtu mwingine, wala si kwa sababu ya mguu, maana mguu utapona. Wamempa mwingine kwa sababu wanasema hakupiga kengele. Hakuna aliyeisikia asubuhi ile. Gari lingewezaje kumpitia kama alipiga? Mtaani wanamwita Bwana Kimya. Ndiyo maana kila alfajiri anajikokota hadi getini na kengele yake, anawajibu wanaopita, ili mwingine asigongwe, na ili waisikie.

"Hata mimi nikikasirika namwita hivyo," mke akasema toka kwenye sufuria. "Usiku ule kucha hakulala, alikuwa akimhudumia ng'ombe anayezaa, halafu anadai asubuhi alikuwa macho."

Mume akamgeukia mgeni. "Yule mwenye gari simtafuti kwa polisi. Mfupa umeshavunjika, polisi hatauunga. Nataka aje aseme neno moja tu. Aliisikia, au hakuisikia? Maana mimi niliipiga. Mara nne."

Wapendwa, tulieni hapo kidogo. Katika dunia nzima kulikuwa na mtu mmoja tu aliyeweza kumrudishia yule bwana jina lake, na mtu huyo alikuwa amekaa kwenye kigoda chake anakunywa maziwa yake. Ilihitajika sentensi moja. Niliisikia. Hapo wala huhitaji kujua Kigiriki cha Biblia.

Mzee wa kanisa akameza funda. Akasema, "Labda hakuisikia, ndugu yangu. Magari ya siku hizi vioo vinaziba sana."

Yule bwana akaitazama kengele mkononi mwake. Halafu akasema polepole, "Inawezekana. Inawezekana hata mimi sikuipiga. Siku hizi naanza kujishuku."

Mzee akashukuru kwa maziwa, akaondoka.

Na kesho yake, mnadhani alirudi na mchungaji? Mnadhani alirudi na bampa lake akaliweka mbele ya majirani saba? Kesho yake alitoa turubai. Akawasha hita. Akapandisha vioo, na alipofika kwenye mikaratusi akaongeza sauti ya nyimbo za sifa. Mtaani kwake watu walifurahi kumwona. Wakamwambia afadhali, mzee, ile baridi ingekuua.

Na pale kwenye kona, mtu wa magongo alisimama getini hadi jua likatoka, akisikiliza kengele yenye mkwaruzo. Haikuja. Akarudi jikoni akamwambia mke wake, "Yule mzee wa baiskeli leo hajapita. Naomba Mungu asiwe amegongwa."

Sasa tuje kwetu.

Najua kuna mtu hapa ameshaandaa hoja ya kumtetea. Atasema yule mzee alikuwa na familia, alikuwa na kazi, angefungwa. Sawa. Na wa maziwa alikuwa na nini? Atasema angalau aliteseka, siku kumi na tisa katika baridi si mchezo. Hapo ndipo ninapokasirika, na nakasirika nikijihesabu na mimi humo. Nani alimwomba ateseke? Mguu uliovunjika haukuhitaji midomo yake ipasuke. Baridi aliichagua kwa sababu baridi ilikuwa nafuu kuliko mlango wa hatua kumi kutoka barabarani.

Sisi ndio hodari wa jambo hili. Tunafunga siku tatu bila kula, tunatangaza kwenye kundi la simu, na yule dada wa hosteli tuliyemsingizia wizi hatujaenda kubisha chumbani kwake. Amehama chuo. Tunajua aliko. Tunaacha nyama, tunaacha mitandao, tunapiga magoti mpaka yanaota sugu, na kuna mtu mahali fulani ameanza kujishuku kwa jambo alilolifanya vizuri, kwa sababu shahidi wake pekee yuko kwenye kwaya, safu ya mbele. Na sisi wengine tunampigia makofi shahidi huyo, na makofi hayo tunayaita ibada.

Mnaogopa kukiri? Ogopeni. Mimi pia naogopa. Lakini ogopeni zaidi ile siku ya ishirini, siku ambayo mlikuwa tayari mmeshakaa jikoni kwake, mmeshika kikombe chake, mkamjibu kuhusu vioo. Maana kabla ya hapo mzee wetu alikuwa mwoga anayekimbia kengele. Baada ya hapo alikuwa mtu aliyejifunza kupandisha kioo, na kioo kikishajua kupanda, hakishuki chenyewe.

Kwa hiyo leo siwaombi baridi. Sitaki mtu aje mbele hapa kuahidi kuacha chochote. Nataka tukitoka, kabla ya chakula, kila mmoja aende kwenye kona yake aseme ile sentensi moja. Niliisikia. Ulipiga, na mimi niliisikia.

Yule bwana bado yuko getini. Anapiga mara mbili, anasubiri. Na anatuombea sisi tusigongwe.