Shangazi Aliyevaa Glavu

Wapendwa, leo sina maneno ya kubembeleza. Akina mama wa kule nyuma, najua mnajua kukoroga kuliko mimi, basi nikikosea vipimo mnivumilie.

Palikuwa na binti mmoja, mwalimu wa michezo shule ya msingi. Kutwa juani na filimbi shingoni, na jua lilikuwa limemkolea sawasawa. Akapata mchumba, mtu mwema, na yeye binti alimpenda kweli. Siku tisa kabla ya sherehe ya kumuaga, upande wa bwana harusi wakaleta salamu: bwana harusi ni mweupe, picha hazitapendeza, tafadhali mfanyeni mwali ang'ae kidogo.

Kidogo! Nani amewahi kuona kidogo ya wakwe?

Basi akaitwa shangazi yake. Mama huyu mtaa mzima ulimjua kwa singo yake: liwa, manjano, maji ya waridi, vitu alivyofundishwa na bibi yake, na havijawahi kumdhuru mtu. Lakini singo inataka miezi, na wakwe wametoa siku tisa. Kwa hiyo shangazi akamimina chupa mbili za losheni ya dukani kwenye beseni, kisha akakamulia tyubu moja ya krimu ya kung'arisha, aliyokuwa ameibandua karatasi ya jina. Kilichotokea humo ndani, Mungu anajua. Aliyetengeneza losheni hajui, na bibi wa watu kaburini hajui.

Siku ya kwanza alimpaka binti shingoni tu. Pakawaka moto. Binti akamwambia mama yake, mama akamjibu avumilie, uzuri una gharama yake. Akavumilia. Msidhani alizaliwa jasiri. Alitaka kuolewa, na aliogopa kuwaaibisha wazazi.

Siku ya pili akaketishwa kwenye mkeka uani, uso umeoshwa, shangazi zake na majirani wamemzunguka. Shangazi mkorogaji akavuta beseni. Lakini kabla ya kutia mkono akafungua mfuko wake, akatoa glavu ndefu za mpira, akazivuta mpaka karibu na viwiko.

Binti akazitazama zile glavu. Akauliza taratibu kwa nini amezivaa.

"Mwanangu, mikono hii ndiyo ninayotafutia riziki," shangazi akasema. "Siwezi kuichezea."

"Na uso wangu, shangazi, mimi natafutia nini?"

Binti akasimama. "Vua glavu," akasema. "Koroga kwa mikono mitupu, ujipake mpaka kwenye viwiko. Ukimaliza, mimi nitakaa hapa hapa, unipake uso wote."

Wakamsubiri. Shangazi akaangalia beseni, akaangalia mikono yake. Akasema ana michubuko ya kisu, labda kesho. Hata jirani aliyekuja kushangilia akaanza kujifunga kanga vizuri, apate pa kuangalia.

Binti akainua lile beseni, akaelekea chooni, akalimwaga lote. Mama yake akamfuata akilia, anamwambia harusi itavunjika.

"Basi ivunjike, mama. Kama hawautaki uso huu, waliyekuja kumposa si mimi."

Sasa naona mnavyonitazama. Mnataka kujua kama aliolewa. Siwaambii. Ndiyo, nimekataa, nendeni mkanishtaki kwa baraza la wazee. Maana nikisema aliolewa, mtasema kumbe alifanya vizuri. Nikisema hakuolewa, mtasema alikuwa na kiburi. Yule binti alikuwa na haki tangu alipolishika lile beseni, wakwe waje wasije.

Na mmeshaanza kujiona binti, sivyo? Kila mmoja hapa ni mwali, kila mmoja kaonewa. Hapana, wapendwa. Sisi ndio shangazi. Ni sisi tunaochukua neno jema tulilorithi, la bei ya damu, tukalichanganya na yanayouzwa mjini ili lifanye kazi upesi. Tunampaka binti yetu ndoa ambayo sisi tusingelala ndani yake siku moja. Tunamwambia anayepigwa avumilie, anayedhulumiwa asamehe, maskini atoe, nasi mikono yetu iko salama ndani ya mpira. Na mimi mhubiri nimo. Glavu zangu zinafika mabegani.

Kwa hiyo wiki hii, kabla hujafungua kinywa kumwambia mwenzako "vumilia", vua glavu. Tia mkono wako kwanza humo unamotaka atie uso wake. Ukiwaka, usitafute wa kukuombea. Choo unakijua kilipo, beba beseni ukamwage.