Kwa Nini Baraza la Mkomboa Huanza kwa Kimya

Ukifika Mkomboa siku ya baraza, ukawakuta watu wameinama hakuna anayenena, usidhani wamegombana. Hapo kale baraza lile lilikuwa kelele tupu. Mwenye sauti kubwa ndiye aliyehesabiwa mwenye akili, na hakuna aliyemshinda sauti Mzee Senkondo, mkuu wa mfereji. Akishasema yeye, wengine walibakiwa na kazi moja tu, kuitikia.

Ndivyo mfereji wa maji ulivyopitishwa Mteremko Mwekundu. Mzee alisema ndiyo njia fupi, baraza likaitikia, wanaume wakachimba. Mvua za vuli ziliponyesha, mteremko uliporomoka ukawafukia watu sita. Mmoja wao alikuwa mume wa Nakijwa, mfinyanzi wa vyungu.

Mwaka uliofuata migomba ilianza kunyauka kwa kukosa maji, baraza likaitwa tena. Mzee Senkondo alikuwa ameshatangaza njiani kwamba mteremko ulioanguka hauanguki mara ya pili. Safari hii Kateri, mtoto pekee wa Nakijwa, ndiye angeshika jembe. Mzee alipokohoa tu ili aanze, Nakijwa alisimama, akatua katikati ungo uliojaa vibamba vya udongo mbichi.

"Nisamehe, baba," alisema. "Leo usianze wewe, wala nisianze mimi. Kila mtu achukue kibamba, achore kwa ukucha njia anayoiona yeye. Asiseme neno, asichungulie cha mwenzake. Kisha akirudishe ungoni kifudifudi."

"Huo mchezo wa watoto, mwanangu."

"Basi tucheze, baba. Sina mwingine wa kuzika ila Kateri."

Mzee alichukua kibamba chake. Watu wakachora, na kwa mara ya kwanza barazani zikasikika kucha zikikwaruza udongo. Nakijwa alivichanganya vibamba, akavigeuza kimoja kimoja. Karibu mistari yote iliuzunguka mteremko kwa mbali. Mmoja tu ndio uliokata katikati yake, na kila mtu alijua ni wa nani.

"Hata mwaka jana ningechora hivi," mtu mmoja alisema kwa sauti ndogo.

"Hata mimi," akasema mwingine.

Mzee Senkondo aliwatazama. "Mbona hamkuniambia?"

Nakijwa ndiye aliyejibu, huku machozi yakimtoka. "Udongo wa pale naufinyanga tangu utotoni, baba. Nilijua ukilowa haushikani. Nilikaa hapa hapa, nikaitikia pamoja na wenzangu, nikarudi nyumbani nikamfungia mume wangu chakula cha kazini."

Na tangu siku hiyo, Mkomboa hawafungui baraza kwa mdomo. Ungo hutangulia, kila mtu huchora kimya, na mkuu wa mfereji husema wa mwisho. Mfereji wao una mizunguko mingi na maji huchelewa kufika mashambani, lakini haujamfukia mtu mwingine.