Kiti cha Nyamizi

Profesa Lwambano alitangaza kwamba mwanafunzi wa usanifu asiyebuni kiti cha kukalia kutwa bila maumivu atarudia mwaka. Zamu ya Nyamizi ilipofika, saa kumi jioni, alibandika mchoro tu mbele ya jopo.

"Mtu akikalia kitu hiki dakika tano, mgongo umekwisha," Profesa alisema. Wanajopo wenzake walisubiri acheke, ndipo nao wakacheka.

"Umejuaje bila kukikalia, Profesa?"

"Binti, miaka thelathini nahukumu viti. Nikitupa jicho tu, nimemaliza. Kwani chenyewe kiko wapi?"

"Umekikalia. Nilikiweka mahali pa chako alfajiri, nikakifunika kitambaa. Tangu asubuhi umenyanyuka mara moja, kwenda kula, na umekoroma mara mbili."

Safari hii jopo halikumsubiri Profesa.